Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Chuo Kikuu Kinapoadhibu Chama cha Wasichana



Katika nyumba nyingi za Katoto, hapa Kamina, safari ya binti kwenda chuo kikuu huanza miaka mingi kabla ya siku ya safari yenyewe. Mama anauza mahindi na muhogo. Baba anakopa kwa ndugu zake. Shangazi anatoa kitenge na sufuria. Kamina ni njia panda ya reli: njia moja inakwenda Lubumbashi, nyingine Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Binti mmoja atapanda treni kwenda mbali, mwingine atasoma karibu na nyumbani. Wote wawili wanabeba jasho la jamaa nzima.

Tuseme binti mmoja amefika bwenini. Usiku wa kwanza mlango unagongwa. Wanaingia wasichana sita wa mwaka wa pili na wa tatu. Wanamwamuru apige magoti, aimbe nyimbo za aibu, atoe pesa aliyopewa na mama yake. Wanamwambia: "Sisi sote tulipita hapa. Ukivumilia, utakuwa dada yetu. Ukisema, utakaa peke yako mpaka umalize." Asubuhi binti hamwambii mtu. Baada ya wiki tatu anarudi nyumbani na kusema masomo yamemshinda.

Huu ni mfano tu. Hatumsemi mtu wala chuo chochote. Lakini wasomaji wengi waliosoma katika vyuo vyetu wataitambua habari hii. Katika makala haya tunataka kueleza jambo hili ni nini, limetoka wapi, na hasa chuo kifanye nini kinapogundua kwamba kundi la wasichana limewatesa wasichana wenzao. Mara nyingi wakuu wa chuo huona njia mbili tu: kunyamaza, au kufukuza wote. Tutaona kwamba iko njia ya tatu, na kwamba ni ngumu kuliko hizo mbili.

UKARIBISHO WA MATESO NI NINI?

Tunaita ukaribisho wa mateso kila tendo la kumwaibisha, kumtisha, kumpiga, kumnyang'anya au kumhatarisha mtu kwa sababu ni mgeni anayeingia katika kundi. Jambo hili lina majina mengi. Nchini Kongo, kama huko Ubelgiji, mwanafunzi mgeni anaitwa bleu, na kipindi cha kumsumbua kinaitwa bleusaille. Wafaransa husema bizutage. Nchini Rwanda wanasema kunnyuzura. Katika shule za sekondari za Kenya mwanafunzi mpya anaitwa mono, na wengi wao wamejua jina hilo pamoja na kofi.

Tusichanganye mambo. Kumwimbia mgeni wimbo wa kuchekesha huku naye akicheka si mateso. Kumwomba asimame aseme jina lake na kwao si mateso. Maswali matatu yanasaidia kupambanua. Je, anaweza kukataa bila kuadhibiwa? Je, jambo hili lingeweza kufanywa mchana, mbele ya mama yake? Je, kuna mtu mmoja anayejulikana ambaye ataulizwa kama mgeni ataumia? Jibu likiwa "hapana" hata kwa swali moja, tuwe macho.

Watu husema: "Lakini alikubali mwenyewe." Msichana wa miaka 18 aliye mbali na nyumbani, asiyemjua mtu, na anayeambiwa kwamba bila kundi hili hatakuwa na rafiki wala daftari la kuazima, hana uhuru mkubwa wa kukataa. Kukubali kwa hofu si kukubali.

DESTURI HII ILITOKA WAPI?

Wengine hudhani kwamba ni mila ya Kiafrika. Kwa vyuo vya Kongo, njia yake inaweza kufuatwa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven nchini Ubelgiji. Hata jina Lovanium ni jina la Kilatini la Leuven. Pamoja na vitabu na maprofesa, zilikuja pia desturi za wanafunzi wa Ubelgiji, na kati yake ukaribisho wa bleu. Wabelgiji waliondoka, desturi ikabaki.

Kwa hiyo inafaa tutazame kilichotokea kule ilikotoka. Mwezi Desemba 2018 kijana Sanda Dia, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha Leuven, mwenye miaka 20, alikuwa anaingia katika chama cha wanafunzi kilichoitwa Reuzegom. Baba yake alitoka Mauritania. Wengi wa wenyeji wa chama walikuwa watoto wa familia zenye mali na majina. Walimnywesha pombe nyingi. Siku ya pili walimweka saa nyingi ndani ya shimo lenye maji baridi, wakampa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi sana. Alifariki hospitalini tarehe 7 Desemba. Baada ya kuona hatari, wenzake walifuta ujumbe katika simu na kusafisha chumba chake.

Chuo kilifanya nini? Kwanza kiliwapa wanachama hao adhabu ya saa 30 za kazi ya jamii pamoja na kuandika insha juu ya historia ya ukaribisho wa wanafunzi. Magazeti yalipofunua mambo yote mwaka 2020, watu wengi walikasirika, na chuo kilikubali kwamba adhabu ile ilikuwa ndogo mno. Tarehe 26 Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Antwerp iliwahukumu watu 18 kwa kuua bila kukusudia na kwa kumtendea mtu vibaya kwa kumdhalilisha. Walipewa kazi ya jamii ya saa 200 hadi 300 na faini ya euro 400 kila mmoja. Raia wengi wa Ubelgiji waliuliza: je, angekufa mtoto wa tajiri, hukumu ingekuwa hiyo?

Tunajifunza nini? Chuo kilitoa adhabu kabla ya kujua ukweli wote, na kilitoa bila uwazi. Adhabu inayotolewa gizani haimponyi aliyeumizwa, haimfundishi aliyeumiza, na jamii haiiamini.

VYAMA VYA UDADA VYA MAREKANI

Wengine watasema kwamba hayo ni ya wavulana, na wasichana ni wapole. Habari kutoka Marekani inatuonyesha vingine.

Katika vyuo vikuu vya Marekani kuna vyama vya udada, yaani vyama vya wanafunzi wa kike ambao huitana dada, mara nyingine hukaa nyumba moja, na husaidiana maisha yao yote. Mwanzo wa vyama vingine ni mzuri sana. Alpha Kappa Alpha kilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, na wasichana weusi waliokuwa wachache katika elimu ya juu. Mwaka 1913 kikazaliwa Delta Sigma Theta katika chuo hicho hicho, na mwaka huo huo wanachama wake waliandamana mjini Washington kudai wanawake wapate haki ya kupiga kura. Hawa walikuwa watu wa kutafuta haki.

Hata hivyo, miaka ilivyopita, katika vyama vingi vya aina hii, vya weupe na vya weusi, likaingia wazo kwamba udada hupatikana kwa kuteswa. Mwaka 1990 vyama vikubwa vya Wamarekani weusi, vya kike na vya kiume, viliamua pamoja kufuta kipindi cha majaribio ya wageni. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini mahali pengi desturi ilijificha tu. Mwezi Septemba 2002 wanafunzi wawili wa kike walikufa maji usiku katika ufuko wa Los Angeles. Familia zao zilisema mahakamani kwamba walikuwa katika majaribio ya kuingia katika chama cha udada. Mmoja wao alikuwa mama wa mtoto mdogo.

Chuo cha Marekani kinapopata mashtaka dhidi ya chama cha udada, kwa kawaida hufuata njia hii. Kwanza kinasimamisha shughuli zote za chama kwa muda. Kisha watu wasiohusika wanachunguza na kuwahoji wanachama na wageni mmoja mmoja. Baadaye kunakuwa na kikao ambapo chama kinajitetea. Adhabu yaweza kuwa onyo, kipindi cha kuangaliwa, au kufungiwa kwa miaka kadhaa. Mara nyingi hufungiwa miaka mitatu au minne, ili wote waliokuwa katika desturi hiyo wamalize masomo kabla chama hakijarudi. Wanataka kukata mnyororo wa kumbukumbu. Mtu mmoja mmoja naye anaweza kuadhibiwa kwa kosa lake.

Njia hiyo ina faida, lakini ina shimo lake. Chama kilichofungiwa kinaweza kuhamia nyumba ya kupanga mjini, bila jina, bila mlezi, bila macho ya mtu. Tena kwa miaka mingi habari za adhabu zilibaki ndani ya faili, na mzazi hakujua ni chama gani kilikuwa na historia mbaya. Ndiyo sababu mwezi Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kutoa hesabu ya matukio haya kila mwaka na kutangaza hadharani vyama vilivyoonekana na hatia. Waliona kwamba siri ndiyo chakula cha desturi hii.

DAR ES SALAAM, 1990

Tukirudi karibu na kwetu, tunakutana na habari nzito ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo palikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch. Yalikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani bila jina la aliyeandika. Mwanzoni ilikuwa dhihaka juu ya mambo ya chuo, na wanafunzi walicheka. Polepole ikawa silaha, hasa dhidi ya wanafunzi wa kike. Aliyechorwa na Mzee Punch alitengwa: wenzake walitakiwa wasiongee naye, na aliyekaidi aliogopa kuchorwa yeye.

Mwezi Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kutishwa na kundi la wanafunzi wa kiume. Kifo chake kilitikisa nchi. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipaza sauti pamoja na wanawake wengine wa chuo na wa mji. Mzee Punch akapigwa marufuku. Juhudi za wanawake ziliendelea hadi Tanzania ikapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998.

Waliomsumbua Levina hawakuwa chama cha udada. Lakini jambo moja linatuhusu moja kwa moja. Mzee Punch hakuwa na mwili. Ukiuliza nani alichora, jibu lilikuwa: Mzee Punch. Ukiuliza nani alimtenga, jibu: Mzee Punch. Wasichana sita katika mfano wetu wanasema vilevile: "Ni desturi." Mzee Punch na desturi hawaitwi mbele ya kamati, hawaoni haya, hawaombi msamaha. Watu hujificha nyuma yao.

KWA NINI NI JAMBO LA AMANI?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini gazeti la amani linaandika habari za mabweni, wakati nchi ina vidonda vikubwa zaidi. Sisi watu wa Katanga tuna sababu ya kujibu. Mwezi Mei 1990, katika chuo cha Lubumbashi, wanafunzi waliwakamata na kuwapiga wenzao waliodhaniwa kuwa wapelelezi wa serikali ya Mobutu. Hawakuwapeleka mbele ya mtu wa kusikiliza. Kundi lilihukumu lenyewe. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliingia chuoni na kuwashambulia wanafunzi. Hadi leo watu hawakubaliani juu ya hesabu ya waliokufa. Walionusurika walisimulia kwamba wanafunzi wa mkoa mmoja waliachwa kwa sababu walilijua neno la siri.

Hatusemi kwamba ukaribisho wa mateso ndio ulioleta usiku ule. Waliotuma wauaji ndio wenye kujibu. Tunasema hivi: chuo ambamo vijana wanazoea kwamba kundi linaweza kumhukumu mtu gizani, kwamba neno la siri ndilo linalokuokoa, na kwamba aliyeona anyamaze, kinawafundisha vijana hao somo la vita. Nao baada ya miaka mitano ndio wanaokuwa mahakimu, walimu, maofisa na wauguzi wa nchi. Mwaka 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika Azimio namba 1325, lilitaka wanawake washiriki katika kujenga amani. Mwanamke huyo anaandaliwa wapi, kama anafundishwa bwenini kwamba nguvu ni kumpigisha mwenzake magoti?

KUNGWI ANAJULIKANA KWA JINA

Wanaotetea desturi hii husema: "Hata wazee wetu walikuwa na jando na unyago. Kuingia lazima kuume." Tulisikilize neno hili, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba vijana wanahitaji mlango wa kupitia. Na ni kweli kwamba baadhi ya mila za zamani ziliumiza, kama vile ukeketaji, na zinafaa kuachwa.

Lakini tulinganishe vizuri. Katika unyago wa Waswahili wa pwani, mwali ana kungwi au somo wake. Huyo ni mwanamke anayejulikana kwa jina, aliyechaguliwa na jamaa, na mama wa mwali anajua nyumba yake. Mwali akiumia, kungwi ataulizwa. Mwali akienda vibaya baadaye, watu husema: somo wake ni nani? Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana dunia nzima kwa taarab, lakini kwao alijulikana pia kama mwalimu wa unyago. Hakuvaa kinyago, na hakuondoka usiku bila kuonekana.

Hapa kwetu, katika nchi ya Waluba, kilikuwako chama cha Mbudye. Waliokiingia walifundishwa kwa ngazi historia ya ufalme, miiko na madaraka. Waliofika ngazi za juu waliweza kusoma lukasa, ubao wenye shanga na makombe unaobeba kumbukumbu za wafalme na safari. Chama hicho kilikuwa na siri zake. Lakini aliyeingia alitoka akiwa na kitu: elimu, na wajibu wa kuwakumbusha wakubwa wasivunje mwiko.

Tumwulize basi yule binti aliyepigishwa magoti: ulifundishwa nini? Atajibu: nilifundishwa kumfanyia hivyo atakayekuja mwakani. Hakuna kingine.

NIDHAMU INAYOJENGA

Wasichana sita waliogonga mlango nao ni mabinti wa mtu. Huenda mmoja ametoka Katoto pia, na mama yake naye aliuza mahindi. Huenda mwaka jana yeye ndiye aliyepiga magoti. Kumfukuza bila kusikilizwa ni kutupa jasho la jamaa nyingine. Kumwacha bila adhabu ni kumwambia aliyeumizwa kwamba machozi yake si kitu. Nidhamu nzuri inamrudishia kila mtu jina lake na tendo lake. Tunapendekeza hatua saba.

1. Mlinde aliyeumizwa kwanza. Apate daktari kama anahitaji, apate chumba salama, na wanaotuhumiwa ndio wahamishwe, asihamishwe yeye. Asiulizwe mbele ya watu.

2. Simamisheni shughuli za kundi kwa muda. Hii si hukumu. Ni kama kuzima moto kabla ya kuuliza nani aliuwasha. Wanachama waambiwe wasifute ujumbe wowote katika simu zao.

3. Sikilizeni mmoja mmoja. Kundi likiitwa pamoja litasema kwa sauti moja, na sauti hiyo itakuwa ya mwenye nguvu zaidi. Wanaosikiliza wasiwe wazee wa chama hicho wala jamaa zao, na wawemo wanawake.

4. Mpimeni kila mtu kwa tendo lake. Aliyeongoza, aliyefuata, aliyetazama, aliyejaribu kuzuia: hawa si sawa. Ukiwapa wote adhabu moja, unawaunganisha zaidi, na aliyetaka kusema ukweli anarudi katika kimya cha wenzake. Anayesema mapema afikiriwe.

5. Jinai ipelekwe mahakamani. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inakataza mtu yeyote kutendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa. Kama kuna kipigo kikubwa, unyang'anyi au tendo la kijinsia, kamati ya nidhamu haitoshi. Tena jambo la namna hiyo lisimalizwe kwa mbuzi na sanduku la bia kati ya wazee wa familia mbili. Aliyeumizwa hakula mbuzi huyo. Na kama ana umri chini ya miaka 18, iko pia sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009.

6. Adhabu ilipe kitu. Kurudisha pesa iliyochukuliwa. Kusimama kando ya masomo kwa muhula au mwaka. Kutumikia wageni wa mwaka unaofuata chini ya macho ya mlezi. Kukutana na aliyeumizwa kuomba msamaha kunaweza kuponya sana, lakini kwa sharti moja: aliyeumizwa awe ametaka mwenyewe, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Msamaha wa kulazimishwa ni mateso ya pili.

7. Tangazeni. Si lazima kutaja jina la aliyeumizwa, hilo lifichwe. Lakini chuo kiseme wazi: kundi fulani lilifanya jambo fulani, na hii ndiyo hatua iliyochukuliwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Chuo kinachoficha aibu yake hakipati dawa yake.

WEKENI KITU MAHALI PAKE

Marufuku peke yake haitoshi. Ufaransa iliifanya bizutage kuwa kosa la jinai mwaka 1998, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita na faini ya euro 7,500. Hata hivyo malalamiko yameendelea kusikika huko mwaka hadi mwaka. Sababu yake si ngumu kuiona. Mgeni bado ana upweke. Bado hajui ofisi ya kuandikisha iko wapi, maji yanapatikana saa ngapi, mwalimu yupi ni mkali. Kundi baya linampa majibu hayo kwa bei ya magoti. Njia ya kulishinda ni kumpa majibu hayo bure.

Chama cha wasichana kinaweza kubaki, na kinaweza kufanya kazi nzuri sana. Kila mgeni apewe dada mmoja wa mwaka wa juu, ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la bweni na limepelekwa kwa wazazi. Dada huyo ampokee stesheni, amsaidie kubeba mizigo, amwonyeshe maktaba na zahanati. Mwisho wa mwezi wa kwanza wafanye sherehe ya mchana, pamoja na chakula na nyimbo, na walimu waalikwe. Mgeni akipata shida, dada huyo aulizwe kwanza. Kazi hii haihitaji pesa nyingi. Inahitaji orodha, kalamu, na mtu anayekubali kuulizwa.

KWA WAZAZI WA KATOTO

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Kabla binti hajaondoka, tumwambie wazi: "Ukitendewa jambo la aibu, aibu si yako. Rudi, piga simu, sema. Hatutakugombeza wala hatutasema umepoteza pesa yetu." Wasichana wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa kuvunja moyo wa mama kuliko wanavyowaogopa wale wa bwenini.

Na tumwambie pia neno la pili, ambalo wazazi wengi husahau: "Mwakani utakuwa mwenyeji wewe. Usimfanyie mtoto wa mwenzio usilotaka kufanyiwa." Mnyororo huu hukatika pale msichana mmoja anapokuwa na haki ya kulipiza na akakataa.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua kwamba mgeni anapofika, mwenye nyumba hupata sababu ya kufagia ua, kuwasha moto, kupika vizuri. Msichana anayegonga mlango wa bweni na sanduku mkononi anawaletea wenyeji nafasi hiyo. Chuo kinachowaadhibu waliomtesa kwa haki na kwa uwazi kinamponya yeye, na kinawaponya wao pia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

– Je, wewe mwenyewe uliwahi kukaribishwa kwa mateso, shuleni, kazini au jeshini? Nani angeweza kuzuia?

– Katika mila za kwenu, nani alikuwa mwenye kujibu kijana alipoumia wakati wa kuingizwa?

– Kundi la wasichana limemtesa mgeni. Mmoja wao alisimama mlangoni akilinda, hakugusa mtu. Anastahili nini?

– Katika mtaa wenu kuna vijana wangapi wanaoondoka mwaka huu kwenda kusoma? Nani atawapokea huko, na je, mnajua jina lake?